Fizi ya Mawien Iliyobaki Kwenye Chupa

Marehemu Elijah Mawien Thon alikatwa kipande cha fizi mjini Lodwar, akaambiwa asitibiwe mpaka waliokikata warudi. Hawakurudi. Leo tunamzika hapa kambini Kakuma akiwa pungufu, na hilo lisemwe kabla ya sifa zake.

Alizaliwa mwaka 1958, msimu wa mvua, karibu na Gogrial, Sudan Kusini. Alipokaribia kubalehe alitolewa meno ya mbele ya chini, kama wanaume wa kwao, na mama yake akayafukia kando ya zizi. Watoto wa kambini walipomuuliza, "Babu, meno yako yako wapi?" alijibu, "Yametangulia kunishikia nafasi."

Darasani hakuketi. Kusoma alijifunza kanisani, tayari ana mvi, akifuata maneno ya nyimbo kwa kidole. Alifika Kakuma mwaka 1992, akawa fundi wa baiskeli, na kila Jumapili yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Mwaka 1995 alimwoa Adeng. Mke huyo hakuwahi kumwona akivunja ahadi. Akisema baiskeli itakuwa tayari kesho, aliitengeneza hata akitetemeka kwa homa.

Mwaka 2011 fizi zake zilianza kutoka damu, meno yakalegea. Tarehe 14 Agosti 2012 watafiti walimpeleka Lodwar kwa gari lao. Mkuu wao, Daktari Benard, alieleza vizuri: askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hufika kwenye fizi wakiwa wachanga, wakakulia humo. Fizi ikiugua, malezi yao huharibika. Huwa wakali kupita kiasi, wakala mfupa wa mwenye nyumba. Watafiti walitaka kuona wanavyoharibika, ndipo wakamkata kipande cha kwanza, wakakitia kwenye chupa.

"Mzee, mtu asikusafishe fizi wala kukupa dawa mpaka turudi tukate kipande cha pili," alisema. "Halafu tutakutibu sisi wenyewe."

Mawien akampa mkono.

Basi akangoja. Sally, muuguzi wa zahanati ya kambini, alimwita mara nyingi akatibiwe. "Nimempa mtu neno langu," alijibu. Adeng alimfokea, "Neno lako linanuka usaha!" Mawien alicheka, kiganja mdomoni. Kufikia Krismasi, wimbo ulianzishwa na mtu mwingine.

Februari 2013 Adeng alipata kibali cha kusafiri, akapanda lori hadi Lodwar. Alikuta chumba cha watafiti kimefagiliwa, na mlinzi, Ekal, ameketi mlangoni.

"Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturkana. "Wale walimaliza kazi zamani. Chupa zilipanda ndege."

"Na watu waliokatwa?"

"Watu hawakupanda, mama."

Alirudi akamwambia mumewe kwamba ahadi imevunjwa na wenyewe. Siku hiyo hiyo Mawien alimkubalia Sally, lakini usaha ulikuwa umeshuka shingoni hadi kifuani. Alifariki tarehe 9 Machi 2013.

Watafiti wale walijua kinachoharibu malezi ya askari wa fizi. Wao walilelewa na nani?

Ameacha mjane wake Adeng, mwanawe Nhial, binti yake Nyakim, na dada yake Abuk aliye Gogrial. Daktari Benard na wenzake wanadaiwa kipande cha mwili wake, na majibu ya walichokiona ndani yake, yaletwe hapa na kusemwa kwa lugha anayoielewa mjane. Upande wa kichwa, kaburi limeachiwa nafasi. Meno yalitangulia, fizi bado haijafika.

Mawien apumzike kwa amani. Walio na chupa wasipumzike bado.