Kompyuta ya Chome Yashuka Same

Benchi letu lina wenyewe. Liko nje ya kibanda cha Fundi Anaeli, karibu na stendi ya Same, na upepo wa hapa mnaujua: ukichelewa kunywa kahawa unakunywa na vumbi. Mwisho wa kulia, pale ubao unapochomoza nje ya mguu wa benchi, anakaa Chande, tunayemwita Stesheni kwa sababu amestaafu reli. Pale hakai mwingine hata Stesheni akiwa msibani. Katikati ni Asheri, jina la kijiweni Daktari, aliyefagia zahanati ya shamba la mkonge miaka minane na kutoka na elimu yote. Mimi nabana kushoto, na Kassimu wa kahawa anasimama na birika lake. Ijumaa moja ya mwaka tisini na tatu, umeme wa mgao umekwenda zake, tulikuwa tunabishana kuhusu sukari. Mara akashuka kwenye lori la ndizi mwalimu Ernesta wa kule Chome, amekumbatia sinia jipya linalong'aa, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mwalimu. Umetuletea pilau? Daktari akauliza.

— Nimemletea Fundi mgonjwa.

Akafunua. Juu ya sinia, kimefungwa kwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi, kilikuwapo kibao cha kijani ukubwa wa daftari. Kina vidude vyeusi vyenye miguu mingi, vitufe kama vya kikokotoo, na kidirisha cha tarakimu sita.

— Redio gani hii haina spika? Stesheni akahoji.

— Siyo redio, mzee. Ni kompyuta.

— Acha fiksi, mwalimu! Kompyuta niliiona makao makuu ya reli. Ilijaza chumba, na ilikuwa na feni yake peke yake!

— Hii ni ya kufundishia, yote iko kwenye kibao kimoja. Kaka yangu alinitumia kutoka masomoni Ulaya. Mtoto anabonyeza, inajumlisha, inahesabu sekunde.

Akatueleza mkasa. Wazazi wa Chome walijenga chumba cha kompyuta hiyo kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, akina mama wakibeba mawe kichwani. Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kukifungua. Nyumbani kwake ilikuwa ikiwaka vizuri, lakini siku hiyo akaunga betri ya gari mbele ya watu wote, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika nayo.

— Kesho saa nne wazazi wanakaa kikao, akasema. Isipowaka, chumba kinakuwa ghala la mahindi. Mwenyekiti ameshasema mahindi yanaliwa, tarakimu haziliwi.

Alikuwa ametembea tangu alfajiri mpaka lilipo lori, na kitu kile kifuani. Mimi nina watoto sita na sijawahi kumbeba hata mmoja hivyo. Nilimheshimu palepale.

Fundi Anaeli akatoka. Huyu bwana, miaka ile duka zima lina viberiti na kaunta tu, alikuwa anatengeneza redio za watu kwa waya wa dinamo zilizokufa. Maneno yake ni machache. Akaleta betri, akachukua taa ya indiketa ya gari, akaipachika katikati ya waya.

— Umeme upite kwanza kwenye taa, akasema. Kama kuna shoti, taa itabeba mzigo, kompyuta haitaungua.

Akaunga. Taa ikawaka pwaa!

— Imepona! Daktari akaruka.

— Imewaka taa, Daktari. Tarakimu ziko kimya. Taa ikiwaka kwa nguvu namna hii ujue kuna shoti mahali.

Akavaa lenzi yake, akainama juu ya kibao. Benchi nalo likaanza kazi.

— Hiyo ni malaria, Daktari akasema. Imetoka kwenye baridi ya mlima Shengena, kule hakuna mbu. Imeshuka huku haina kinga.

— Iliugua kulekule juu, mzee, mwalimu akamkumbusha.

— Basi ilikuwa inajiandaa. Mficha uchi hazai!

— Uchi gani, we Daktari? Stesheni akadakia. Hii inangoja kibali. Treni hata iwe na moto gani haiondoki bila kibali cha stesheni. Na hii imetoka Ulaya. Nani Chome ameipa kibali cha kuhesabu?

— Siku hizi kila kitu ruksa, bwana, Kassimu akasema, akimimina.

— Ndiyo maana imegoma! Stesheni akasema. Imesikia ruksa, inataka mshahara. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mimi naona imesikia habari ya ghala, Daktari akasema kwa kunong'ona. Kitu kinachojua kujumlisha, kitashindwa kujua kinasengenywa? Imekata tamaa.

Mwalimu alicheka kidogo, machozi yamemlengalenga. Fundi alikwishapitia kila kidude, na kila akiunga, taa pwaa. Jasho lilikuwa linamtoka. Ndipo akafika mama mmoja mgeni, Kuluthumu wa Lembeni, amefuata redio yake. Akasimama akatazama, akauliza:

— Samahani jamani. Siku ilipokuwa inawaka, ilikuwa inakaa juu ya nini?

Mwalimu ndiye aliyejibu, polepole:

— Juu ya daftari langu. Sinia wamelileta akina mama wa usharika Jumapili ileile. Walisema mgeni aliyetoka mbali hivi hawekwi kwenye meza tupu. Wakakifunga kibao juu yake wenyewe kwa utepe, tukaombea.

Fundi akavua lenzi.

— Nimechemsha, akasema. Nimeogopa kukata utepe wa zawadi, chini sikutazama.

Akaukata. Akakigeuza kibao, na chini yake palijaa ncha za risasi ya kulehemu, zote zilikuwa zimelalia bati la sinia. Umeme ulikuwa unaingia na kutokea kwenye sinia bila kupita kwenye vidude. Akakiweka juu ya daftari la mwalimu, akaunga tena. Taa ikafifia. Kwenye kidirisha zikatokea sifuri sita, nyekundu.

— Iulize mbili na tatu, Stesheni akasema.

Mwalimu akabonyeza. Tano.

Stesheni akavua kofia. Jamani, nilimwona kwa macho yangu, mtu ambaye hakuivua hata mkuu wa wilaya alipopita. Mwalimu alikuwa analia waziwazi, na Fundi anafuta vidole kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu zaidi ya vidole.

— Sasa, Kuluthumu akauliza tena, nani atawaambia akina mama kwamba sinia lao ndilo lililoizima?

Daktari akanyoosha kikombe, Kassimu akainamisha birika, halikutoa hata tone.

— Wale ndio waliobeba mawe, mwalimu akasema. Nikirudi bila sinia nimewaaibisha mbele ya kijiji. Na kesho wao ndio wa kuninyooshea mkono.

Stesheni akasimama. Akatazama mahali pake, ubao uliolainika kwa makalio yake ya miaka kumi na moja.

— Fundi, lete msumeno.

— Wa nini?

— Kata hapa, nje ya mguu. Chini sinia, katikati ubao, juu kompyuta. Akina mama wataliona sinia lao linang'aa, na umeme hautaliona.

Fundi akakata. Mwalimu akapanda lori la jioni, sinia kifuani, utepe umefungwa upya.

Jumatatu dereva wa lori alitushushia mkungu wa ndizi na habari: chumba kimebaki chumba, na akina mama wameomba nao wafundishwe kubonyeza. Stesheni sasa anakaa katikati, ametubana kila upande. Mgeni akiuliza benchi hili limekatwa na nani, sote tunamwachia Stesheni ajibu.