Aliyekufa Kabla ya Kusomewa Mashtaka

Risala ya Ushirika wa Mafundi Cherehani Twisungane, Gisimenti, Kigali, Desemba 1994

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jaji. Bwana Mkuu wa Komini. Mapadri na wachungaji. Majirani zetu wa Remera. Akina mama na akina baba.

MAKARIBISHO

Sisi wanachama wa Twisungane tunakukaribisha katika chumba chetu cha kazi. Utatusamehe kwa viti. Vilivyokuwa humu viliibwa wakati wa vita, na hivi mlivyokalia tumeviazima parokiani.

Tumeelezwa kwamba umetoka Tanzania kwa ombi la serikali yetu, na kwamba unapita kusikiliza raia wanasemaje: je, walioua watu wahukumiwe kifo au la? Tuliagizwa tuandae msimamo mmoja. Mheshimiwa Jaji, tulikaa, tukabishana, wengine tukalia, na msimamo mmoja hatukuupata. Kwa hiyo tutakueleza yaliyotupata, wewe utapima.

TULIKOTOKA

Ushirika huu ulianza mwezi wa nane mwaka huu. Baadhi yetu tulikuwa hapa Kigali muda wote na tulipona kwa kufichwa darini na kwenye mitaro. Wengine tulizaliwa au kukulia ukimbizini, Ngara, Mbarara na Bujumbura, tukarudi bunduki ziliponyamaza. Mwanzoni hatukuaminiana. Waliobaki walidhani waliorudi wamefuata nyumba za marehemu. Waliorudi walimtazama kila aliyepona na kujiuliza amewezaje kupona. Kilichotuunganisha ni uhaba wa cherehani: tulilazimika kupokezana.

Mwenyekiti wetu ni mama Mukasine, ambaye mume wake na shemeji zake waliuawa kwenye kizuizi cha barabarani. Mweka hazina ni mama Daphrose, aliyefiwa na mume wake Aimable na binti zao wawili. Mimi ninayesoma ni Winifred, katibu, niliyekulia Ngara.

MAFANIKIO

Tunashona sare za shule zilizofunguliwa tena. Yatima wa mtaa huu wanakula hapa mchana. Na siku hizi tunaongea, jambo ambalo mwezi wa nane hatukuliweza.

YALIYOTUPATA

Mwezi wa kumi, wakulima wa Masaka, nje kidogo ya Kigali, walimkuta mtu amejificha katika shamba la migomba. Alikuwa Silvère, mwashi, jirani wa zamani wa Daphrose. Jiko la Daphrose alilijenga yeye. Vijana walimfunga mikono wakamleta hadi mlangoni kwetu, maana walijua Daphrose anafanya kazi hapa. Mmoja wao alishika mpini wa jembe.

"Mama, uyu mutu ni wako," alimwambia Daphrose. "Sema tu."

Daphrose aliinuka, futi ya kupimia bado iko shingoni. Alimkaribia yule mtu kuliko sisi tulivyoweza kuthubutu.

"Silvère, watoto wangu iko wapi?"

Silvère hakuinua macho. "Iko Kinyinya, mama. Na baba yao. Naweza kuonyesha."

Mukasine, aliyejua kwamba Silvère alisimama kwenye kizuizi alikouawa mume wake, alisema akishaonyesha apigwe risasi hadharani. Daphrose akajibu, "Kwanza aonyeshe," kisha akamwomba kijana aweke chini ule mpini. Kijana aliuweka chini, ingawa kwa shida.

Tulikwenda Kinyinya pamoja na askari wawili. Silvère alituongoza hadi nyuma ya nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiijenga kabla ya vita, akaonyesha shimo la choo lililofukiwa. Tulichimba. Daphrose aliwatambua binti zake kwa magauni ya komunyo, kwa sababu aliyashona yeye. Alivua kitenge chake cha juu akawafunika, wao na baba yao.

Mwanachama wetu Nyiransabimana, anayemtafuta mama yake tangu Aprili, alimgeukia yule mfungwa. Alimuuliza kama aliwahi kumwona mama mmoja mzee, anachechemea mguu wa kushoto.

"Huyo namukumbuka," alisema Silvère. "Iko upande wa tanuri ya matofali. Na wengine iko kule chini. Nitasema yote mbele ya jaji."

Askari walisema jua linazama, lazima mfungwa arudishwe. Siku nyingine ataletwa tena. Nyiransabimana aliwaomba wasubiri kidogo tu. Hawakusubiri. Silvère akapelekwa mahabusu, nasi tukaenda kuzika.

TULIVYOBISHANA

Baada ya mazishi tulibishana humu ndani huku tukishona. Tunakuletea maneno kama yalivyosemwa.

Mama Mukasine alisema: "Sina kiu ya damu. Lakini mwaka hamsini na tisa waliua, wakaachwa. Sitini na tatu waliua, wakaachwa. Sabini na tatu hivyohivyo. Wameua tena kwa sababu waliona hakuna linalowapata. Mnataka watoto wangu wakue wakikutana na Silvère sokoni, ananunua viazi?"

Mama Daphrose alimjibu: "Walioua wangu walipiga filimbi asubuhi, wakaitana kazini. Walisema ni kazi ya serikali. Sitaki tena kusikia kuua kunaitwa kazi ya serikali, hata kama anayeuawa ni Silvère."

"Si sawa, Daphrose," Mukasine alimwambia, na alisema taratibu sana. "Mume wangu hakupewa jaji. Huyu atapewa. Tofauti ni hiyo."

Daphrose aliinamia cherehani, akamaliza pindo. Baadaye alikiri kwamba maneno hayo ni ya kweli, na kwamba hata hivyo moyo wake haukubadilika. Scovia, aliyekulia Uganda, alisema aliona kule watu wakipigwa risasi hadharani, na mmoja wao ikaja kujulikana kwamba hakuwa yeye aliyetenda kosa. Wengine wakamuuliza: na huyu aliyeonyesha shimo kwa mkono wake, naye si yeye? Siku nyingine tuliondoka bila kuagana.

Wakati sisi tunabishana kama afe au aishi, Silvère alikufa mahabusu. Wengine wanasema alikosa hewa, maana mle wanalala wamesimama. Wengine wanasema alipigwa. Tulikwenda kuuliza na hatukupata wa kutujibu.

Tulidhani Mukasine atafurahi. Alikaa kwenye ngazi ya mlango huu, mikono magotini.

"Sikuomba hivi," alisema. "Niliomba asimame, asomewe jina la mume wangu, akubali au akatae, watu wote wasikie. Ndipo afe. Sasa amekufa kama mtu aliyeugua tu."

Kesho yake Nyiransabimana hakuja kazini. Tulimkuta Kinyinya, upande wa tanuri ya matofali, anachimba peke yake, hapa kidogo, pale kidogo, kwa sababu hakujua aanzie wapi. Tulichukua majembe tukachimba naye. Tulipata watu, Mheshimiwa Jaji, tukawazika kwa heshima. Mama yake hatukumpata.

MATATIZO

Nchi yetu haina mahakimu. Wengi wameuawa, wengine wamekimbia, na baadhi nao ni watuhumiwa. Mahabusu zimejaa. Ndani yake wamo wauaji, na tunaamini wamo pia wasiofanya kitu, waliotajwa na mtu anayetaka nyumba yao. Kila anayekufa mle bila kuhojiwa anaondoka na watu wetu.

MAOMBI

Kuhusu adhabu ya kifo, tunaomba upeleke sauti zetu zote mbili kama zilivyo. Usiandike kwamba akina mama wa Gisimenti wanataka watu wauawe. Usiandike kwamba wamesamehe.

Lakini yako mambo ambayo Mukasine na Daphrose waliyasema kwa mdomo mmoja. Mtu yeyote asife kabla ya kusimama mbele ya jaji. Kila mshtakiwa aulizwe watu wako wapi, na aulizwe kwanza, kabla ya hukumu yoyote. Na aliyehukumiwa, iwe kifo au kifungo, apelekwe akaonyeshe. Tunaomba mahakimu waletwe, hata kama ni wa kuazima kwa jirani kama wewe.

Jambo la mwisho tunalisema kwa sababu utalisikia mtaani, na afadhali ulisikie kwetu. Katika mahabusu ile wamo wanaume waliosimama na Silvère kwenye kizuizi kimoja. Huenda mmoja wao anajua alipo mama yake Nyiransabimana. Kwa hiyo kila asubuhi Nyiransabimana anawapelekea uji. Majirani wametutukana kwa ajili ya uji huo, na hatuwalaumu. Anayeupika ni Mukasine. Bado anataka wapigwe risasi, na amesema tuyaseme hayo mbele yako. Anakoroga, anaonja chumvi, anafunika sufuria, anamwambia Nyiransabimana, "Wahi. Wasife kabla hawajaulizwa."

Mheshimiwa Jaji, Imana, Mungu wetu, akulinde njiani, na akupe nguvu ya kuyabeba haya hadi huko unakoyapeleka. Awape pumziko waliozikwa na wale ambao bado tunawatafuta.

Ni sisi, wanawake wa Twisungane, Gisimenti.