Sauti Inasema Nimekula

Benchi liko nje ya kibanda cha Fundi Saa, mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi hiyo Msomi, mlinzi wa ghala aliyejiandikisha chuo cha sanaa na mvi zake, alikaa na kahawa iliyokwisha kupoa. Kabla ya saa sita alitakiwa apeleke maoni kuhusu kazi ya mwanafunzi mwenzake, na hakuwa na hata neno. Akaweka simu katikati yake na wenzake wa benchi, akabonyeza kazi hiyo ianze.

Sauti ya mama mmoja ikasema: “Mimi mzima, mwanangu. Nimekula. Wewe soma tu.” Kwenye kioo maandishi yakajiandika taratibu: *Mguu umevimba. Leo chai tu. Nisimwambie.*

— Simu mbovu hiyo, akasema Fundi Saa. Sauti imetangulia, maandishi yamechelewa.

— Mbovu wapi! Kinyozi akadakia. Hao mama wawili, mitambo imewachanganya. Ndiyo wahenga wakasema fahali wawili hawakai zizi moja.

— Sasa fahali wameingiaje hapo?

Mbunge, aliyepewa jina kwa kuongea bila kuruhusiwa, akashusha kikombe.

— Hamjui kitu. Simu za siku hizi zinasikia mpaka tumbo! Ukisema umeshiba, yenyewe inasikia linavyonguruma, inaandika. Mimi nikitaka kudanganya naizima kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Wakacheka. Msomi hakucheka, ile sauti ilikuwa inamkera na hakujua kwa nini.

Mshonaji wa jirani alikuwa amefuata saa yake. Akaichukua simu, akasukuma kioo kwa kidole.

— Huku chini mmesoma?

Hakuna aliyefika huko. Akawasomea maelezo ya mwanafunzi huyo: “Sauti ni ujumbe alionitumia mama. Maandishi ni ya daftari lake. Nililikuta chini ya godoro tulipotoka kumzika.”



— Na mama zenu nyinyi, akauliza, jana wamekula nini?

Fundi Saa akainamia tofali.

Msomi aliingiwa na woga. Juzi mama yake alimtumia sauti: mzima, amekula, asome tu. Yeye alimjibu kwa alama ya dole gumba. Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Saa sita ilimkuta palepale, maoni hajaandika, anapiga mara ya tisa.