Usiiamini Kila “Ndiyo”

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Mama mmoja mwenye binti wa darasa la nne alikaa ndani ya basi nyuma ya mwalimu wa hesabu, mwanamke wa makamo, aliyekuwa akimsimulia mzee wa kiti cha pembeni jinsi alivyoanza kujifunza ushonaji.

“Fundi alituonyesha kutia zipu, akauliza, ‘Mmeelewa?’ Wote, ‘Ndiyooo!’ Na mimi nimo, mzee wangu, tena kwa sauti. Kumbe sikuelewa hata chembe!”

“Si ungeuliza? Mwalimu mzima wewe!”

“Niliona haya. Wenzangu walishamaliza. Nikaishona zipu kichwa chini, nikaificha mkobani. Ndipo nikawakumbuka wanangu wa darasani. Miaka yote naitikiwa ‘ndiyo,’ nageukia ubao, roho kwatu! Siku hizi nawaambia, ‘Nionyesheni mlipokwama,’ na kwanza nawaonyesha nilipokwama mimi.”

Mzee akacheka. “Unawadekeza. Watakupanda kichwani!”

“Wapande, mradi waseme.”

Mama wa nyuma hakucheka. Binti yake kila jioni humwambia ameelewa hesabu za shuleni, naye humjibu, “Ole wako nikute kosa.” Mzazi mwenzangu, mwogope mtoto asiyekwama kamwe.

Basi likasimama. Wale wawili wakashuka wakibishana. Mama naye akashuka, akielekea nyumbani polepole, huku akiyajaribu maneno mdomoni: “Njoo, mwanangu. Hesabu za sehemu zilinishinda hata mimi.”