Hiram Gachanja Hakusamehe

Hiram Gachanja alifariki Jumatano, tarehe 14 Septemba 1977, saa tano asubuhi, katika wodi ya wanaume ya hospitali ya mkoa mjini Nakuru, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, na mkewe Wachuka alikuwa amemshika mkono.

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Subukia, wageni mliotoka Nakuru, Molo na Salgaa, na ninyi wanamuziki mlioketi chini ya hema la pili, familia imenituma niwasomee maisha ya marehemu, nami nimeandika yale tu yaliyoshuhudiwa na watu wasiopungua wawili, kwa sababu siku tatu kabla hajafariki ilisemwa redioni kwamba alimsamehe Bwana Patrick Makokha na kumpa baraka aendelee na nyimbo zake, na familia inataka watu wote wajue, kabla jeneza halijateremshwa, kama jambo hilo lilitokea au halikutokea.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1921, katika shamba la ng'ombe la mzungu lililokuwa upande wa juu wa bonde hili, akiwa mtoto wa pili wa mzee Gachanja, mkamuaji, na mama Nyakio, ambao wote wametutangulia. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1930 hadi 1934, akafika darasa la nne, kisha akaitwa na mwenye shamba aje kutunza farasi, na huo ukawa mwisho wa masomo yake ya darasani.

Mwaka 1942 alipewa kazi ya kupeleka maziwa kwa gari la ng'ombe katika kambi ya mateka wa Kitaliano karibu na Gilgil, na huko alikutana na mateka mmoja aliyeitwa Bruno, aliyekuwa na kinanda cha kuvuta, ambacho wengi wetu tunakiita kodiani, na Bruno akamfundisha kukipiga kwa muda wa miaka mitatu, wakielewana kwa vidole kuliko kwa maneno. Mateka waliporudishwa kwao mwaka 1946, Bruno alimwachia kodiani hiyo. Tangu siku hiyo, Hiram hakupiga wimbo wowote mbele ya watu bila kwanza kusema amefunzwa na nani, na wale mliocheza ngoma ya mwomboko miaka hiyo mnakumbuka jinsi alivyosimama na koti lake na tai yake, akauliza, "Nilifunzwa na nani?", nanyi mkajibu kwa pamoja, "Bruno!", ndipo akaanza.

Tarehe 17 Aprili 1948 alifunga ndoa kanisani na Wachuka, ambaye alimwona mara ya kwanza kwenye ngoma huko Bahati, na ambaye ameniambia niseme kwamba alipenda koti kabla ya kumpenda mwenye koti. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa binti yao Nyakio, aliyepewa jina la nyanya yake, na wajukuu wanne.

Machi 1953, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, marehemu alikamatwa pamoja na wanaume wengine wa shambani, akawekwa kizuizini hadi Oktoba 1958, na Wachuka na watoto wakapakiwa kwenye lori na kupelekwa Kiambu, mahali ambapo hawakuwa na shamba wala nyumba. Kabla ya lori kuondoka, Wachuka alimkabidhi kodiani rafiki yao Kipkemboi, wa shamba la pili, naye akaificha katika ghala lake la mahindi, akijua kwamba ikikutwa kwake angeulizwa maswali. Kodiani haikupatikana na askari, ilipatikana na panya. Waliingia ndani, wakala ngozi inayofunika sauti ya kitufe cha tatu, na Hiram aliporudi alikuta kitufe hicho kikibonyezwa hakitoi kitu isipokuwa upepo. Kipkemboi aliona aibu, lakini marehemu alimwambia, "Wewe uliificha miaka mitano, mimi nitakulaumu kwa sababu ya ngozi?", na tangu hapo Kipkemboi akawa ndiye mpigaji wa pete ya chuma katika kila ngoma ya Hiram, ingawa hakuwa wa kabila lake, na hakuna mtu aliyeuliza kwa nini.

Mwaka 1959 marehemu alitunga wimbo wake unaojulikana zaidi, "Kurudi Subukia", na kwa kuwa kitufe cha tatu kilikuwa kimekufa, vidole vyake viliruka pale palipohitaji sauti hiyo, hivyo katikati ya kila mstari kuna nafasi tupu, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mwaka 1965 Bwana Balwant Singh, mwenye duka la redio na sahani za santuri mjini Nakuru, ambaye yuko nasi leo, alimrekodi katika chumba cha nyuma ya duka, na mwaka huohuo marehemu akapata shamba hili tunalomzika, akaacha kazi ya kuajiriwa, akawa mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Bwana Makokha anaingia katika historia hii tarehe 12 Disemba 1964, kwenye dansi ya sikukuu ya Jamhuri mjini Nakuru, wakati alipokuwa mwimbaji wa twisti mwenye jina kubwa kuliko wote katika mkoa huu, akivaa suruali ya kubana na viatu vya ncha. Hiram alikuwa amepiga nyimbo mbili tu pale Bwana Makokha alipochukua kipaza sauti na kusema, "Wazee wa maziwa mwende mkakamue, hiyo muziki imelala, wacha vijana waamshe watu." Watu walicheka. Marehemu alifunga kodiani yake ndani ya blanketi, akarudi nyumbani.

Kufikia mwaka 1970 twisti ilikuwa imechosha watu, na mahoteli yaliyokuwa yakimwita Bwana Makokha yalikuwa yameacha kumwita, na Februari ya mwaka huo alikuja hapa, kwenye nyumba hii mnayoiona, akiwa na sukari na blanketi jipya, akasema anataka kujifunza muziki wa asili. Alikaa hadi Agosti. Alilala katika chumba cha Nyakio, aliyekuwa ameshaolewa, alikula chakula cha Wachuka, aliyemwita mwanangu, na alimwita Hiram mwalimu, mbele ya majirani ambao wengi wao wapo hapa. Marehemu alimfundisha kila kitu na akamwomba jambo moja tu, kwamba popote atakapopiga, aseme kwanza amefunzwa na nani.

Mei 1971 sahani ya Bwana Makokha ilitoka. Wimbo ulikuwa "Kurudi Subukia", jina limebadilishwa kuwa "Asili Yetu", na chini yake iliandikwa kwamba umetungwa na Patrick Makokha. Kwenye jalada alikuwa amevaa ngozi ya mbega na ameshika ngao, ingawa hakuna mtu aliyewahi kucheza mwomboko akiwa na ngozi, na Hiram Gachanja hakuwahi kuvaa ngozi maishani mwake isipokuwa viatu na mshipi. Sahani hiyo ilipigwa kila mahali. Wachuka aliisikia kwa mara ya kwanza katika duka la unga, akaacha unga juu ya kaunta, akatoka.

Bwana Balwant ndiye aliyegundua. Aliisikiliza sahani hiyo dukani kwake, akamwita Hiram na kumwambia, "Mzee, huyu ana kodiani mpya kabisa, nyeupe, ya kutoka Ujerumani, vitufe vyote vizima. Sasa mbona anaruka kitufe cha tatu?" Bwana Makokha alikuwa ameiga wimbo pamoja na shimo lake.

Mwaka uliofuata, mtangazaji mmoja alimuuliza swali hilohilo redioni, naye akajibu, na watu wengi walisikia, kwamba katika mila za wazee sauti hiyo haipigwi, inaachiwa mababu. Baada ya hapo vijana wengi wa bendi wakaanza kuiruka kwa heshima, na mwalimu mmoja wa chuo akaandika gazetini akiisifu mila hiyo.

Hiram hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipeleka kodiani yake kwa Bwana Balwant, ambaye ndiye hutengeneza vinanda vya gurudwara, hekalu la Masingasinga, akamwomba atie ngozi mpya kwenye kitufe cha tatu. Bwana Balwant alimkumbusha kwamba alijitolea kumfanyia kazi hiyo tangu mwaka 1965, na Hiram akakataa akisema amezoea. "Wakati ule sikuwa na haja nayo," marehemu alimjibu, "sasa nina haja."

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1973, katika maonyesho ya kilimo ya Nakuru, Bwana Makokha alipiga "Asili Yetu" akiwa na ngozi zake, na aliposhuka, Hiram akapanda, akiwa na koti na tai, na Kipkemboi nyuma yake na pete. Aliuliza, "Nilifunzwa na nani?", na wazee wakajibu, "Bruno!" Kisha akasema, "Mwaka 1958 kitufe changu cha tatu kililiwa na panya katika ghala la huyu Kipkemboi. Nimekitengeneza jana. Sikilizeni mababu." Akapiga wimbo wote, na pale palipokuwa na nafasi tupu sauti ikatokea. Mama mmoja karibu na zizi la ng'ombe wa maonyesho akapiga yowe, "Kumbe ni panya!", na uwanja mzima ukacheka.

Bwana Makokha alirudi kwenye jukwaa, na kwa haki nitasoma alichosema. Alisema, "Mzee, na wewe hiyo kodiani ulitoa wapi? Si kwa Mtaliano? Muziki haina mwenyewe." Hiram akamjibu, "Ni kweli nilipewa na Mtaliano, na watoto wote wa hapa wanajua jina lake. Langu umelitaja wapi?" Bwana Makokha akashuka jukwaani. Tangu siku hiyo hadi leo, akipanda jukwaani kutoka Njoro hadi Nyahururu, kuna mtu nyuma ambaye humwita Panya, na familia haijawahi kumkataza mtu huyo.

Kwa miaka mitatu watu walibishana magazetini, wengine wakiandika kwamba kila kabila libaki na ngoma yake, na marehemu alisema hao nao hawakumwelewa, kwa sababu hakuwahi kumkataza mtu kupiga, alikataza mtu kudai ametunga. Alifundisha kila kijana aliyekuja hapa, wa kabila lolote, kwa sharti lilelile, na bendi hizo sasa huanza kwa kutaja Bruno, kisha Hiram.

Oktoba 1976 alianza kuumwa kifua, akatibiwa Subukia, kisha Nakuru, na Juni mwaka huu madaktari wakaiambia familia kwamba ni saratani ya mapafu. Alilazwa tarehe 22 Agosti. Kodiani ilibaki nyumbani kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuivuta.

Ijumaa, tarehe 9 Septemba, saa ya kutembelea wagonjwa, Bwana Makokha alifika wodini. Waliokuwepo ni Wachuka, muuguzi Nanyama, na wewe, Mchungaji. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mwalimu, nisamehe," na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu mwaka 1970. Mchungaji, kwa nia njema, ulimwomba marehemu amsamehe. Alikujibu, "Huyu amekuja kuomba msamaha wodini, na kosa alilifanya redioni. Aende redioni." Kisha akamgeukia Bwana Makokha, akamwambia, "Sema jina langu huko, halafu urudi. Nitakungoja."

Jumapili, tarehe 11, muuguzi Nanyama alileta redio yake ndogo, wakaiweka juu ya kabati, na Bwana Makokha akasikika akitangaza sahani yake mpya, na akasema kwamba mzee mmoja wa Subukia, ambaye ni mgonjwa, amemsamehe na kumbariki. Hakutaja jina. Marehemu aliomba redio izimwe. Akasema, na Wachuka na Nanyama walisikia, "Nikifa, msiruhusu mtu aseme nilisamehe. Sikusamehe." Siku ya tatu akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na zaidi muuguzi Nanyama, aliyekubali kusimama hapa leo iwapo yeyote atayapinga haya, inamshukuru Bwana Balwant Singh, aliyetoa gari la kubeba mwili, Kipkemboi na nyumba yake, majirani waliochota maji na kupasua kuni tangu Jumatano, kanisa, na wanamuziki wote waliofunzwa katika ua huu.

Bwana Makokha yuko hapa, ameketi mwisho wa hema la pili, na ninaomba asiguswe wala asitukanwe, kwa kuwa amekuja mazikoni kama watu wengine. Aliomba kupitia kwa chifu aruhusiwe kupiga wimbo mmoja kaburini, na Wachuka amekataa.

Hiram, mume wa Wachuka, mwana wa Nyakio, mwanafunzi wa Bruno, umefika nyumbani, lala kwa amani.

Shada la maua lililoletwa asubuhi ya leo kwa niaba ya Bwana Makokha limerudishwa saa tatu na nusu, na dereva wake amelipokea.