Verlyn Aakre na Kadibodi ya Machi

Ijumaa, tarehe 6 Juni. Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa kaskazini, mbu wengi. Leo Verlyn Aakre, fundi wa karakana ya mabasi ya shule hapa Norby, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Wanaosoma karatasi hii huku wakisubiri chakula cha kumuaga wavumilie kidogo. Viazi na nyama ya kuoka ya dereva Duane havijawahi kupoa haraka.

Verlyn aliajiriwa baada ya shamba la baba yake kuuzwa. Alikuta mabasi saba, matatu kati yake yakiwaka kwa maombi tu. Tangu wakati huo, theluji ije isije, hakuna mtoto aliyeachwa barabarani kwa sababu ya injini iliyopita mikononi mwake. Wengi wanakumbuka wiki ile basi namba nne liliponuka hadi madereva wakaanza kulaumiana kwa harufu ya miguu. Verlyn alifungua kiti kimoja, akatoa mkate wa samaki uliooza, akauweka kwenye meza ya kahawa na kibandiko: “Mwenye mali ajitokeze.” Mwenyewe hajajitokeza hadi leo, ingawa Duane hujikohoza habari hii inapotajwa.

Kila majira ya baridi huku kwetu tunaziba rejeta, kipozaji kilicho mbele ya injini, kwa kadibodi ili injini ipate joto. Kila Machi, theluji ikianza kuyeyuka, Verlyn alizunguka basi moja baada ya jingine akizichomoa kadibodi hizo kabla injini hazijachemka. “Mvueni koti, jamani, atazimia!” ndivyo alivyokuwa akitupigia kelele, na ndivyo tulivyojua kwamba baridi imekwisha.

Mkewe, Ardis, wengi wenu aliwapikia katika jiko la shule. Ana ugonjwa wa kusahau, na huu ni mwaka wa pili anatunzwa katika nyumba ya wazee huko Lindahl, maili arobaini na moja kutoka hapa. Chakula cha jioni alikuwa hakipokei ila kutoka mkononi mwa Verlyn. Kila siku saa kumi na moja jioni alikaa dirishani, akatazama barabara hadi pikapu ya kijani ya Verlyn itokee. Na kila asubuhi Verlyn alifungua mlango wa ofisi yetu na, kabla ya salamu, akatutajia saa aliyolala Ardis. “Saa mbili na robo. Viazi kamaliza.” Hapo ndipo siku yetu ilipoanza.

Alitaka kustaafu Desemba ili awe naye kutwa. Msimamizi wetu, Bwana Kessel, alimwomba asubiri shule zifungwe, kwa kuwa fundi mwingine hajapatikana. “Verlyn, sisi ni familia. Familia haiachani katikati ya baridi.” Verlyn alibaki.

Alhamisi moja ya Machi pikapu yake ilimfia uani petu. Mpira wa ndani ya puli ya krenki, gurudumu linalozungusha mkanda wa injini, ulikuwa umechoka, puli ikateleza, mkanda ukaruka. Thamostati, kilango kinachodhibiti maji ya kupozea injini, nayo ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi, imekwama wazi, na ni kadibodi tu iliyokuwa ikimpatia joto la kuendeshea. Gari lilisimama hatua chache kutoka mlango wa karakana, ambamo mna joto, jeki kubwa na mashine ya upepo ya kufungulia bolti. Verlyn aliomba nafasi ya nusu siku.

“Gari binafsi haliingii ndani,” alisema Bwana Kessel. “Ni mambo ya bima, rafiki yangu. Ingekuwa hiari yangu...”

Oktoba, katika nafasi hiyo hiyo, Verlyn alibadilisha breki za gari la Bwana Kessel. Bima ilikuwa imelala siku hiyo.

Duane alilivuta gari kwa mnyororo hadi nyumbani kwa Verlyn, na jioni akampeleka Lindahl. Kesho yake walimu walikuwa na mkutano, mabasi hayakwenda kuchukua wanafunzi. Wazee hao wawili walilala chali kwenye matope ya theluji wakipokezana spana iliyorefushwa kwa bomba.

“Mzee, bolti hii imeolewa na injini, haitaki talaka.”

“Basi leo mimi ndiye hakimu. Vuta, usihubiri.”

Adhuhuri bolti ililegea. Duane ilimbidi aondoke kupeleka timu ya mpira wa kikapu mashindanoni. “Mpigie mtu akupeleke leo,” alisema. “Nitakwenda mwenyewe,” alijibu Verlyn. Alifunga puli mpya, akabadilisha thamostati, akajaza maji ya rejeta. Saa kumi na dakika chache injini iliwaka kimya na hita ikapuliza hewa ya moto kwa mara ya kwanza katika misimu miwili. Akaondoka na matope mgongoni.

Njiani, karibu na ghala la ngano la Brekke, mvuke ulitoka chini ya boneti. Verlyn alisubiri injini ipoe, akafungua kazi yake mwenyewe, akidhani ameweka thamostati kichwa chini. Ilikuwa sawa. Akaifunga, akaongeza maji ya mtaroni, akasonga kidogo, ikachemka tena. Giza lilikuwa limeingia alipopita mbele ya gari na tochi, akaiona kadibodi bado imeziba rejeta. Siku ilikuwa ya joto, thamostati ilikuwa nzima, na gari lilikuwa bado limevaa koti. Mtu aliyeyavua mabasi yetu yote wiki hiyo hiyo.

Alifika Lindahl Ardis amekwisha kulala kwenye kiti cha dirishani, amevaa koti lake, sahani haijaguswa. Mhudumu alisema alilala saa moja na nusu. Asubuhi ya Jumatatu Verlyn aliingia ofisini, akasema, “Habari za asubuhi.” Hakutaja saa.

Tangu jioni ile Ardis hakai tena dirishani. Anakula kwa mhudumu yeyote anayeshika kijiko.

Leo Bwana Kessel atatoa hotuba na saa ya ukutani. Tumeambiwa neno familia limo. Sisi madereva na wa ofisini hatuna saa ya kutoa. Tunakushukuru, Verlyn, kwa kila asubuhi ya baridi ambayo watoto wetu walifika wakiwa na vidole kumi. Ulistahili kuondoka Desemba, na ulistahili mlango ule kufunguliwa. Kuanzia kesho, jioni zako zote ni zako. Tunakuombea barabara kavu na mtu wa kukungoja mwisho wake.

Leo asubuhi alifungua mlango wa ofisi, akasimama na kofia mkononi, na kabla ya salamu akatuambia. Ardis alipokea vijiko vitatu kutoka mkononi mwake jana, hakumwita jina, akalala saa mbili na dakika ishirini.