Sajenti Phineas Kipchumba Cheboiwo, Aliyewatoa Watu kwa Mlango wa Jikoni

Wasifu wa marehemu, umesomwa na mdogo wake, Douglas Cheboiwo, nyumbani kwake Hindi, Lamu, Jumamosi tarehe 5 Julai 2025

Majirani zetu wa Hindi, wafanyakazi wa Hospitali ya Ras Mkunga, wenzake wa jeshini, na nyinyi mliovuka maji asubuhi hii kutoka Amu: ukoo wa Cheboiwo unawashukuru kwa kuja kumsindikiza ndugu yetu. Wanjira, mke wa marehemu, ameniomba niyasome maisha yake kama yalivyokuwa, nisiyapake asali. Amesema Phineas mwenyewe hakuvumilia taarifa iliyopunguzwa.

Sajenti Phineas alizaliwa tarehe 3 Agosti 1974 katika kijiji kilicho chini ya Kabartonjo, Baringo, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Jeremiah Cheboiwo na Mama Tabitha Kobilo, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi hapa kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kupenda mbuzi na kuogopa nyuki.

Mwaka 1983, akiwa na miaka tisa, alikuwa akichunga na binamu yetu Kandie, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Kandoni mwa mto waliokota kitu cha chuma, kizito, kilichojaa kutu. Hadi leo hakuna ajuaye kilitoka wapi. Kandie alikigonga kwa jiwe, kisha akamwambia Phineas, "Hili dogo. Niletee kubwa." Phineas alienda kulitafuta. Alikuwa njiani anarudi nalo pale mlipuko ulipomwangusha. Kandie alizikwa ndani ya gunia la mahindi, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kumkusanya. Marehemu baba alisimulia kwamba Phineas alifika nyumbani amelikumbatia lile jiwe, na watu wazima wawili walihangaika kulitoa mikononi mwake.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu hadi mwaka 1989, kisha akaingia sekondari na kumaliza kidato cha nne mwaka 1993. Alifaulu fizikia na kuanguka Kiingereza. Mwalimu wake wa fizikia alimwandikia baba barua akisema kijana huyu anauliza swali moja tu, kila siku kwa namna nyingine: kwa nini kitu hupasuka.

Mwaka 1995 alijiunga na jeshi, akapelekwa kikosi cha wahandisi, na huko akafunzwa kutafuta vilipuzi vilivyozikwa na kuviharibu. Alitumikia nchi hii miaka ishirini na miwili. Mara mbili alipelekwa nje kusafisha mashamba ambamo watoto walikuwa wakikatika miguu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Wanjira, mwalimu wa darasa la tano kutoka Kirinyaga, ambaye shule yake haikuwa mbali na uwanja wa mazoezi. Siku moja mwaka 2001 Wanjira alifika kwenye lango la kambi, chaki bado iko mkononi, akataka kuonana na mtu anayelipua vitu wakati wa hesabu. Phineas akatoka. Wanjira akamwambia, "Wanafunzi wangu wakisikia kishindo wanaingia chini ya madawati. Hawajajua kugawanya hadi leo." Phineas akamwomba ratiba ya darasa. Tangu wiki iliyofuata milipuko ilisubiri kengele ya mapumziko. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Desemba 2002, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kibet na Jeruto.

Tarehe 9 Septemba 2016 lori la jeshi alilopanda na wenzake lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, upande wa kwenda Mkokoni, huku huku Lamu. Wenzake watatu walikufa. Habari za siku hiyo alinisimulia mara moja tu, tukiwa tumekaa nje ya nyumba hii hii. Alisema lori lilikuwa likiwaka, akamvuta dereva kwa mkono, na ngozi ya ule mkono ikabaki viganjani mwake. Alimvuta tena kwa ukosi wa shati, akamtoa. Dereva aliishi dakika chache, akiomba maji. Phineas alitoka na uziwi wa sikio la kushoto, maumivu ya kichwa yasiyokwisha, na hofu ya kila kishindo.

Hatutaficha kwamba maradhi hayo yalikuwa makali kwake na kwa waliokuwa karibu naye. Sufuria ya presha ilipolia jikoni, alimrukia Wanjira na kumbwaga sakafuni ili amfunike kwa mwili wake. Wanjira akavunjika mkono. Siku nyingine Phineas alivunja mlango wa chumba kwa ngumi. Baadaye alikubali kwenda kwa mshauri, na kila Alhamisi alienda, hata siku za mvua kubwa. Mwaka 2017 alistaafu kwa cheo cha Sajenti. Wanjira alikuwa amehamishiwa shule moja huku Lamu, nao wakajenga hapa Hindi.

Januari 2018 aliajiriwa kuwa mkuu wa walinzi katika Hospitali ya Ras Mkunga, kisiwani Amu. Alikuta walinzi kumi na mmoja waliojua kufungua lango na kulifunga. Akaanza kuwafundisha, na wengine mliopo hapa mlikuwa wanafunzi wake. Mzigo usio na mwenyewe haufunguliwi, haupigwi teke, haumwagiwi maji, unaondoka wewe. Ukiwa karibu nao redio yako ya mawasiliano inazimwa, isije ikaulipua, unarudi kwa miguu kutoa habari. Kabla ya kuwatoa watu, unakagua kwanza pale unapowapeleka. Na mtu akipiga simu ya vitisho usimkatie. Muulize, andika asemayo, sikiliza na sauti zilizo nyuma yake. Maswali hayo aliyaandika kwenye karatasi, akaibandika chini ya kioo cha meza ya mapokezi.

Siku moja alitaka kuona kama karatasi ile inatumika, akapiga simu kutoka stoo, sauti ameibana puani. Bi Rawiya, wa mapokezi, akapokea. "Nimetega bomu," akasema Phineas. Bi Rawiya akauliza liko wapi, lina umbo gani, limetegwa lini, akajibiwa yote. Akauliza, "Na wewe waitwa nani?" Ndugu yetu, kwa utiifu wa kijeshi, akajibu, "Sajenti Cheboiwo." Bi Rawiya akasema, "Haya, Bwana Sajenti, kabla hujatulipua njoo unywe chai, inapoa." Hospitali nzima ilicheka wiki mbili, na yeye akacheka kuliko wote.

Lakini alikuwa mkali. Mwaka 2019, kwenye mazoezi, mlinzi wake Hamdun aliokota kifurushi alichokificha Phineas, akakitikisa sikioni asikie kina nini. Phineas alimzaba kofi mbele ya wenzake hadi damu ikamtoka mdomoni. Hamdun akavua sweta ya kazi, akaitupa chini, akaenda zake kwao Kipungani. Usiku huo Phineas hakula. Kesho yake alitembea kwa miguu hadi Kipungani, akasimama mbele ya baba yake Hamdun na jamaa zake waliokuwa wakisuka mikeka, akasema, "Nimempiga mwanao. Nilimwona amekufa, ndipo nikampiga. Si sababu. Nimekosa." Hamdun alirudi kazini baada ya siku tatu. Kuanzia hapo Phineas hakuinua tena mkono kwa mlinzi yeyote.

Jumanne tarehe 17 Juni mwaka huu, saa nne na dakika arobaini asubuhi, simu ya mapokezi ililia. Umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ya hospitali ilikuwa ikifanya kazi huku ikikohoa kama kawaida yake. Sauti ya mwanamume ikamwambia Bi Rawiya, "Kuna bomu wodi ya wazazi. Mna dakika ishirini. Tokeni nje." Bi Rawiya akaanza kumuuliza maswali ya kwenye karatasi. Yule mtu akamtukana matusi ambayo sitayasoma hapa. Bi Rawiya aliendelea kuuliza, na alipokuwa anaandika akagundua kwamba sikio moja linasikia jenereta kutoka uani, na sikio la pili linaisikia jenereta ile ile, na kikohozi kile kile, ndani ya simu. Akaandika JENERETA YETU, akamwinulia Phineas ile karatasi.

Phineas akasema, "Yuko karibu, anatuona. Mbona anatuhimiza tutoke?" Alimtuma mlinzi mmoja akague njia ya jikoni hadi ufuoni. Akamtuma Hamdun akague ua wa mbele, ambako watu wote wa hospitali wangekusanyika. Hamdun alirudi mbio, redio yake imezimwa. Nyuma ya tangi la maji alikuwa ameona jerikeni jipya, limefungwa kamba, waya zimechomoza. "Ndia ya mbele haipitiki, Bwana," alisema. "Si letu lile jerikeni. Sikuligusa."

Basi watu walitolewa kwa mlango wa jikoni. Walikuwa tisini na wanne: wagonjwa, wauguzi, wapishi, waliokuja kuwatazama wagonjwa wao. Wasioweza kutembea walibebwa na magodoro yao. Safaa, aliyekuwa amejifungua saa mbili kabla, alipita jikoni akimshikilia mtoto, damu ikimchirizika miguuni. Wauguzi walihesabu watu ufuoni, wakahesabu tena. Wodi zilikuwa tupu.

Lakini habari ilikuwa imeshafika mjini, na jamaa za wagonjwa wakaja kwa lango la mbele, wanalia, wanasukumana. Phineas na walinzi wawili waliwarudisha nyuma hadi kwenye kona ya barabara. Kijana mmoja alikataa. Huyo ni Fawaz, mume wa Safaa. Alipiga kelele, "Mke wangu yumo ndani!" Phineas akamjibu, "Mkeo yuko ufuoni, yeye na mtoto." "Muongo wewe!" Fawaz akaruka ukuta, akaangukia ndani ya ua, hatua chache kutoka kwenye tangi.

Phineas alimfuata. Walioona kwa mbali wamesimulia kwamba Fawaz alimpiga ngumi mbili za uso, pua ikavunjika, damu ikafunika shati. Phineas akamwangusha kwa rungu, taya likavunjika. Kisha akamshika miguu, akamburuta juu ya kokoto kama gunia hadi nyuma ya banda la jenereta, lililojengwa kwa mawe. Alimsukumiza Fawaz nyuma ya ukuta. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika nyuma ya ukuta ule.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika sita. Tangu simu ipigwe, dakika ishirini zilikuwa hazijatimia. Zilikuwa kumi na nne. Bomu lililipuka, tangi likapasuka, maji yakafagia ua mzima. Punda wawili wa kubeba maji waliokuwa wamefungwa langoni walikatika vipande. Vioo vyote vya wodi ya wazazi vilikutwa vimechoma magodoro yaliyobaki, na hapakuwa na mtu juu yake. Phineas alikutwa amelala kifudifudi. Vyuma vilikuwa vimeingia mgongoni, tumboni na pajani. Bi Rawiya alifunga paja lake kwa leso aliyoivua kichwani mwake, na Hamdun akaweka ngumi yake ndani ya jeraha, hakuitoa hadi boti ilipofika ng'ambo, kwenye uwanja wa ndege.

Alisafirishwa kwa ndege hadi Mombasa siku hiyo hiyo, akapasuliwa mara tatu. Siku ya tano alipata fahamu. Wanjira alikuwa amekaa kando ya kitanda, na mimi nilikuwa mlangoni. Wanjira alikuwa na hasira, na ameniruhusu niseme hivyo. Alimwambia, "Miaka saba umewafundisha watu wakimbie. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Phineas akasema, "Alikuwa ameshaingia, Mama Kibet."

"Na mimi je?"

Phineas akamwomba msamaha, na akamwomba amgeuze upande wa sikio zima ili amsikie vizuri akimgombeza. Wanjira alimgombeza. Halafu akapanda kitandani kwa uangalifu, katikati ya mipira ya dawa, akalala naye. Wauguzi hawakumkataza.

Mapafu yake, yaliyochanwa na vyuma vya mgongoni, hayakupona. Alifariki Alhamisi tarehe 26 Juni 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini, miezi kumi na siku ishirini na tatu. Waliotega bomu lile bado wanatafutwa, nasi hatutataja tusiowajua, wala hatutaki mtu yeyote alipizwe kisasi kwa jina la ndugu yetu kwa sababu ya dini yake au nyumba aliyozaliwa.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Tabitha Kobilo. Mjane wake, Mwalimu Wanjira. Watoto wake, Kibet na Jeruto. Mimi mdogo wake, pamoja na dada zetu wawili. Na wapwa wengi. Fawaz yuko hapa na mkewe Safaa na mtoto. Taya lake bado limefungwa waya, hawezi kusema, lakini jana alimpa Wanjira karatasi iliyoandikwa, "Nami niandikeni miongoni mwa alioacha." Tumemwandika.

Mwisho, wenzake wa jeshini walijitolea kumpigia risasi hewani kaburi litakapofukiwa. Familia inawashukuru sana, na Wanjira ameomba zisipigwe. Tutamshusha sasa, kwa mikono, polepole. Mungu amlaze mahali palipo kimya.